Mama ana ngiri kinena cha kulia na cha kushoto: zifanyiwe upasuaji siku moja, au asubiri korosho ziishe?

Mwalimu_wa_Mtama (14 Septemba)

Salaam ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mtama, mkoa wa Lindi, ila kwetu ni Kitangari, Newala. Naomba mawazo yenu, hasa madaktari na waliowahi kupitia jambo hili. Nina wiki 2 tu za kumshawishi mama yangu na maneno yameniishia.

Mama ana miaka 61. Amezaa watoto 7, na tangu nipate akili namjua akiwa na ndoo kichwani. Anayeijua Newala atanielewa: sisi tuko juu uwandani, maji yako chini bondeni. Kabla bomba halijafika kijijini alikuwa akishuka na kupanda ule mteremko na ndoo ya lita 20, na hata leo bomba likikauka siku 3 anarudi kulekule.

Miaka 2 iliyopita aliota kivimbe kinena cha kulia. Shangazi akasema ni chango, mizizi ikachemshwa. Haikusaidia, akaenda zahanati. Mhudumu alimlaza, akamgusa juu ya kanga, akasema ni mtoki, kwa kuwa mama alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu huohuo. Akapewa vidonge. Kidonda kikapona, kivimbe kikabaki. Aliporudi mara ya pili akakutana na mhudumu mwingine, huyu akasema ni jipu limeiva, lipasuliwe palepale. Mama anasema wembe ulikwishatolewa kwenye karatasi yake. Yeye akauliza, "Mwanangu, jipu gani halina moto?" Yule kijana akaweka kiganja, akakuta ngozi ni baridi kama kwingine, akauweka wembe pembeni. Sitaki kutaja zahanati ni ipi. Lakini kila nikiukumbuka huo wembe mwili unanisisimka, na mtaelewa kwa nini nikifika kwenye majibu ya kipimo.

Mwezi Agosti alikuja kunitembelea. Asubuhi moja nikamkuta chumbani anajifunga mkaja. Nikashangaa, mkaja ni wa mzazi, mama yangu mjukuu wake mkubwa yuko kidato cha pili! Ndipo akaniambia kwamba asipojibana hivyo "kitu kinashuka". Miaka 2 alikuwa akijibana kimyakimya.

Nilimpeleka hospitali. Kwa bahati tulimpata daktari wa kike. Hakumlaza. Alifunga mlango, akamwambia mama asimame, ashushe kanga, ageuze uso ukutani, akohoe. Nilikuwa pembeni nimemshikia mtandio. Alipokohoa, kile kivimbe kilitutumka kama korosho yenye ganda lake chini ya ngozi, pale paja linapoanza. Daktari akaweka vidole viwili, akasema "tena mama". Kisha akahamia upande wa kushoto, ambao mama hakuwahi kuulalamikia hata siku moja. Akakohoa, na huko nako pakavimba, juu kidogo, laini zaidi. Mama mwenyewe alishtuka.

Altrasaundi ikasema: kulia ni ngiri ya paja, kushoto ni ngiri ya kinena. Kwenye ile ya kulia mna mafuta ya tumboni yaliyonasa. Yaani yule kijana angepasua tumbo la mama akidhani anatoa usaha.

Daktari bingwa ametupa tarehe, mwisho wa Septemba. Mama amekataa. Anasema korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, ana ekari 6, akilala hospitali nani ataokota? Anataka Januari, mnada ukiisha na fedha ikiingia. Fedha siyo shida, nimemwandikisha kwenye bima yangu. Shida ni hizo korosho, na pia majirani wamemwambia ngiri ni ugonjwa wa wanaume.

Maswali yangu: Kusubiri miezi 4 kuna hatari gani hasa, ikiwa amekaa nayo miaka 2? Pande zote mbili zinaweza kufanyiwa siku moja kwa mtu wa umri wake? Na huo wavu wa kuziba tundu la ngiri wanaosema watamwekea, ni lazima?

Daktari_Kusini

Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni daktari wa upasuaji, nimefanya kazi mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, kwa muda mrefu. Sijampima mama, kwa hiyo maamuzi yabaki kwa daktari wake, lakini maswali yako yana majibu.

Nianze na hilo la Januari. Mama ana ngiri mbili zenye tabia tofauti. Vuta mstari kutoka mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele hadi mfupa wa kinena pale chini katikati. Kwenye mstari huo kuna kano ngumu. Ngiri ya kinena hutokea juu ya kano hiyo, ngiri ya paja hutokea chini yake, kando ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka mguuni. Tundu la juu mara nyingi lina ukuta laini, utumbo huingia na kutoka. La chini ni jembamba na limezungukwa na kano ngumu karibu kila upande, hivyo kinachoingia hukabwa. Mwaka 1991 ilichapishwa Uingereza hesabu ambayo sisi wapasuaji wote tumefundishwa: kwa ngiri ya paja, uwezekano wa kunyongwa ulikuwa asilimia 22 ndani ya miezi 3 na asilimia 45 ndani ya miezi 21. Kwa ngiri ya kinena ulikuwa asilimia 2.8 kwa miezi 3 na 4.5 kwa miaka 2. Tazama tofauti hiyo. Mama kukaa miaka 2 salama hakupunguzi hatari ya mwezi ujao, na tayari mafuta yamenasa. Utumbo ukifuata njia hiyohiyo ukanyongwa, damu haifiki, unaanza kuoza ndani ya saa chache. Hapo tunazungumzia kukata kipande cha utumbo usiku, pengine baada ya safari ndefu kutoka Kitangari kwa gari la kukodi. Ndiyo maana kwa wanawake wenye ngiri za eneo hili hatushauri kusubiri.

Majirani wana nusu ya ukweli. Ngiri za kinena ni nyingi zaidi kwa wanaume, kwa mbali sana. Lakini ile ya paja huwapata zaidi wanawake, na kwa kuwa watu wanaamini ngiri ni ya wanaume, mwanamke huambiwa mtoki, chango au jipu. Kumtofautisha mgonjwa wa mtoki na wa ngiri ya paja si rahisi kila mara, nikiri hilo, maana ngiri iliyonasa nayo hairudi ndani na wakati mwingine haitikisiki kwa kikohozi. Kwa hiyo kivimbe cha hapo kisichoeleweka hakichomwi sindano wala kupasuliwa kabla ya altrasaundi. Huyo daktari aliyemsimamisha mama na kupima pande zote mbili alifanya kazi vizuri sana.

Siku moja kwa pande mbili? Ndiyo, kama moyo, presha na sukari viko sawa. Mtu wa miaka 61 anayepanda mteremko na ndoo kwa kawaida anahimili. Ganzi moja, kuuguza mara moja.

Sasa wavu. Ukirekebisha ngiri kwa kuvuta nyama na kushona tu, mshono unakaa kwenye mvutano na ngiri hurudi mara nyingi zaidi kuliko ukiweka wavu. Lakini kwa mama swali kubwa ni wavu uwekwe wapi. Njia iliyozoeleka zaidi ni kupasua juu ya kinena na kutandaza wavu mbele. Inaziba vizuri matundu ya juu ya ile kano, lakini la chini, la paja, linabaki wazi. Nimewapokea wanawake waliofanyiwa ngiri ya kinena, wakarudi baada ya miezi wakidhani "imerudi", kumbe ile ya paja ilikuwepo siku ya kwanza na haikutazamwa. Mpasuaji Mfaransa, Henri Fruchaud, alieleza mwaka 1956 kwamba ngiri zote hizi hupitia eneo moja dhaifu la ukuta wa tumbo, kano inaligawa tu juu na chini. Ukiingia nyuma ya misuli, wavu mmoja mpana unalifunika eneo lote. Inafanyika kwa matundu madogo na kamera kwenye hospitali zenye vifaa, au kwa kupasua mara moja chini ya kitovu na kufikia pande zote mbili. Muulize bingwa wenu atapita mbele au nyuma. Na msishangae akikuta ya tatu. Altrasaundi haioni kila kitu, na mwenye ngiri mbili si ajabu kuwa na nyingine imejificha nyuma yake.

Mpaka siku hiyo: mkaja auache, unaweza kukandamiza kilichonasa. Ndoo aziache. Kivimbe kikiwa kigumu na kuuma, au akianza kutapika, tumbo kujaa, hewa haitoki njia ya haja kubwa, msisubiri kukuche, na asijaribu kukisukuma ndani kwa nguvu.

Mvuvi_Mikindani

Mwalimu pole. Mimi ni mwanaume lakini nina la kukuambia kuhusu kusubiri. Huku pwani kwetu mabusha ni mengi, babu alikuwa nalo, baba alikuwa nalo, nami lilipoanza nikasema ni lile la ukoo, mbu ndio wamelileta. Nikavua nalo miaka 6. Kuvuta nyavu na busha unazoea. Ilipokuja kampeni ya upasuaji wa mabusha nikajiandikisha, na pale daktari akanizimia taa, akawasha tochi nyuma ya mfuko. Upande mmoja ukawaka mwekundu kama taa ya chemli, maana ni maji. Wa pili ukabaki giza. Akaniambia nikohoe, ukatikisika. Kumbe busha kulia, ngiri kushoto, na walipoingia wakakuta ngiri nyingine ndogo huko juu ya lile busha. Tatu kwa mtu mmoja. Walinifanyia zote siku moja kwa sindano ya mgongo, nasikia vyuma vinagongana sahani lakini siumii. Wiki ya 7 nilirudi baharini.

Nasikia wengine wanasema wanashonewa chandarua. Daktari, ni kweli hilo?

Daktari_Kusini

Mvuvi, lina ukweli ndani yake ila lisikutishe. Uganda walifanya utafiti kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, ukachapishwa mwaka 2016. Nusu walipata wavu wa kiwandani wa bei kubwa, nusu wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, uliokatwa na kutakaswa kwa mvuke wa joto kali. Baada ya mwaka, kwa wale wa bei nafuu ilirudi kwa mtu mmoja, kwa wale wa kiwandani hakuna. Siyo chandarua cha dukani chenye dawa. Na utafiti ule haukuhusu ngiri ya paja wala wanawake, kwa hiyo kwa mama wa Mwalimu tusiutumie kama jibu.

Nesi_Mstaafu_Masasi

Mwanangu Mwalimu, daktari ameshasema ya kidaktari. Mimi nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 28, nikwambie la mama.

Hakatai kwa sababu ya korosho peke yake. Mwanamke wa rika lake hajawahi kusimama uchi wa kiuno mbele ya mtu asiye mumewe au mkunga. Hapo hospitali umemwona amegeuza uso ukutani. Anajua siku ya upasuaji watakuwepo wanaume, na hakuna aliyemweleza atavuliwa nini na atafunikwa nini. Mwambie waziwazi: atavaa gauni la hospitali, sindano ya mgongo atachomwa ameketi ameinama, kisha atalazwa na kufunikwa vitambaa mwili mzima, libaki eneo dogo tu la kazi. Atawekewa kipira cha mkojo, naye asikisikie kwa mara ya kwanza siku hiyo. Waombe nesi wa kike ndiye amnyoe na kumwandaa. Ukiomba mapema utapewa.

Na hizo korosho msimkatalie, zitafutieni watu. Ukimwambia "acha korosho" unamwambia aache kuwa mama. Ukimwambia "fulani na fulani wataokota, gunia zitapelekwa ghalani kwa jina lako" utaona.

Mwalimu_wa_Mtama (6 Novemba)

Ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi wengine kwa ujumbe wa faragha.

Nesi, Mungu akulipe. Nilimpigia mama simu jioni, nikamsomea maneno yako kuanzia pale pa gauni. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Hicho kipira cha mkojo kinatolewa lini?" Nikajua amekubali. Kaka yangu wa Tandahimba alileta vijana 3 shambani, mdogo wangu akasimamia daftari la chama cha msingi.

Amefanyiwa tarehe 30 Septemba. Nilimuuliza bingwa kama Daktari_Kusini alivyonielekeza: unapita mbele au nyuma? Akanitazama, akauliza kama mimi ni muuguzi. Nikamwambia mimi nafundisha darasa la tatu. Akachukua karatasi ya majibu ya altrasaundi, akachora nyuma yake kwa kalamu: mstari wa kano, duara moja juu, duara dogo chini, na pembeni yake mirija miwili ya damu. Kisha akafunika vyote kwa kiganja chake akasema, "Wavu utakaa hivi, kwa ndani, kulia na kushoto." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, imo kwenye Biblia ya mama.

Walipasua chini ya kitovu, mara moja. Ilichukua saa 2 na nusu hivi. Alipotoka bingwa akaniita kwenye korido, akaniambia zilikuwa 3. Ile ya paja kulia, mafuta yamenasa kabisa ikabidi apanue tundu kidogo ndipo yatoke, lakini utumbo ulikuwa salama. Ile ya kinena kushoto. Na ya tatu, kulia tena, juu ya kano, ukuta umelegea pana, ambayo kipimo hakikuiona. Akasema angepita mbele kwa ajili ya upande wa kushoto tu na kuishughulikia ile ya paja kwa kidonda kidogo cha chini, hiyo ya tatu ingebaki. Nilikaa kwenye benchi nikalia, sioni aibu kusema.

Kesho yake mama alitembea mpaka mwisho wa wodi akiwa ameshikilia tumbo. Siku ya 3 tuliruhusiwa.

Siku ya 11 nikapata simu saa 12 asubuhi: "Kimerudi." Kinena cha kulia, palepale, kivimbe kama yai. Niliishiwa nguvu, nikafikiria fedha, korosho, kila kitu tulichomshawishia. Tulirudi hospitali siku hiyohiyo. Bingwa akamsimamisha, akamwambia kohoa. Hakikutikisika. Altrasaundi ikaonyesha ni maji tu, yamejaa pale ilipokuwa ngiri. Akasema mwili utayanyonya wenyewe. Mama akataka yanyonywe kwa sindano amalize, akakatazwa, kwa sababu sindano inaweza kupeleka vijidudu kwenye wavu. Leo kimepungua mpaka ukubwa wa punje ya karanga.

Yuko Kitangari sasa. Amekaa mkekani chini ya mkorosho, ananyofoa korosho kwenye mabibo na kuwafokea vijana wanaoacha zile zilizojificha chini ya majani. Hanyanyui chochote. Maji anachotewa na mjukuu.

Daktari_Kusini, nina mawili. Anasema ngozi ya chini ya kidonda ina ganzi, ukiigusa ni kama umegusa ya mtu mwingine. Na ananiuliza kila siku ndoo atashika lini.

Daktari_Kusini

Mwalimu, nimefurahi mno, hasa hiyo ya tatu kuonekana. Ganzi hutokea kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa tunapopasua. Kwa wengi hupungua kwa miezi, wengine hubaki na kipande kidogo, haina madhara. Ikiwa badala ya ganzi ni maumivu makali ya kuchoma yanayoendelea kuzidi baada ya miezi 3, arudi. Vilevile kivimbe kikiwa chekundu, cha moto au akipata homa, arudi siku hiyohiyo.

Ndoo: baada ya wiki 6 aanze na ile ya lita 10, siyo kamili, na mtu amtwike na kumtua. Hiyo ya lita 20 ya kupanda nayo kutoka bondeni asiirudie mpaka bingwa amwone kliniki. Na kama bado ana choo kigumu baada ya zile dawa za maumivu, mpe mapapai na maji mengi, asijikamue.

Mwalimu_wa_Mtama

Asante daktari. Choo bado ni kigumu, hakuniambia mpaka nilipomuuliza sasa hivi kwa simu. Mapapai yapo, tunayo nyuma ya jiko.